Maji Yaliyokataa Kwenda

Wasomaji wa gazeti letu, wengi wenu mlikuwapo muhula uliopita maji yalipokataa kwenda katika bafu la bweni letu, na harufu yake bado mnaikumbuka. Wazazi wetu hamkuwapo, na kwa ajili yenu nitaanza mwanzo. Mhariri aliniomba niandike habari za likizo yangu ya Juni. Lakini habari za likizo ile siwezi kuzieleza bila kueleza habari za maji yale, na habari za maji yale siwezi kuzieleza bila kusema jambo moja ambalo kwa muda mrefu nilitamani lisijulikane. Nisomeni kwa subira, kisha mnihukumu.

Sisi tukaao Turiani hatuna haja ya kufundishwa habari za maji yaendayo. Milima ya Nguru imesimama karibu nasi, na mito inashuka kutoka huko kuja kwenye miwa ya Mtibwa na kwenye majaruba ya mpunga. Baba yangu analima mpunga Mkindo, na tangu nikiwa mdogo nilifuatana naye kutazama mfereji. Alikuwa akiniambia, "Jaruba likikosa maji, usilitazame jaruba, fuata mfereji juu. Na jaruba likikataa kutoa maji, fuata mfereji chini." Neno hilo nilikuwa nalo tangu utotoni, lakini lilikuwa kama jembe lililotundikwa ukutani, maana sikulitumia.

Bafu letu lina masinki manne ya saruji yaliyopangwa mstari mmoja. Hapo tunafua nguo, tunaosha sahani, na asubuhi tunanawa uso. Masinki yote humwaga maji yake katika bomba moja lipitalo chini ya sakafu mpaka kwenye chemba iliyo nje, nyuma ya ukuta wa bweni, na kutoka chemba hiyo maji huendelea mpaka shimo kubwa. Katika likizo ya mwisho wa mwaka mfuniko wa chemba, ambao ulikuwa umepasuka, ulibadilishwa, ukawekwa mpya na kuzungushiwa saruji barabara. Tuliporudi Januari tuliufurahia sana, kwa kuwa mende hawakutoka tena mle.

Mwezi wa Februari maji yakaanza kwenda polepole. Hapo kwanza hakuna aliyejali, maana maji yaendayo polepole bado yanakwenda. Mwezi wa Machi, mvua zilipoanza na matope yakawa mengi miguuni mwetu, masinki yakawa yanajaa na kufurika sakafuni. Siku moja niliipima kazi hiyo kwa saa: ndoo moja ya lita 20 ilichukua dakika 9 kutoweka. Tulichokonoa kwa waya, tukapiga kwa mpira wa kuzibulia, tukamwaga maji ya moto kutoka jikoni. Maji yalikwenda siku mbili, kisha yakarudia hali yake.

Mimi nilikuwa kiranja wa bweni, na kiranja anapoulizwa sababu hupenda kuwa na jawabu. Basi jioni moja tulimkuta kijana wa Kidato cha Kwanza akiosha sahani yenye makombo ya ugali juu ya sinki la mwisho. Wahenga walisema, mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Tulikaa baraza la bweni usiku uleule, na mimi ndiye niliyesema ya kwamba wadogo ndio wanaoziba bomba kwa ugali, na kwamba adhabu ifaayo ni wao kuyachota maji yale kwa ndoo kila alfajiri na kuyamwaga nje. Kijana yule akawekwa kuwa wa kwanza katika zamu. Alichota kwa majuma matatu mfululizo. Maji yale machafu yalimtia vidonda katikati ya vidole vya miguu, akawa anakwenda darasani kwa kandambili huku wenzake wakimwita "Bwana Ugali". Nilisikia wakimwita hivyo, nami nilicheka pamoja nao.

Likizo ya Juni ilipofika nilikwenda Dar es Salaam kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye ni fundi wa mabomba na mashine katika boti ya abiria na mizigo. Jina la boti hiyo nitaliacha. Nilipanda basi Turiani alfajiri, tukapita Dumila, tukavuka Mto Wami pale Dakawa, na baada ya Morogoro nikalala usingizi mpaka tulipokaribia mjini. Mjomba alikuwa amekuja kunipokea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umekuwa mrefu, sijui kama utapita katika mlango wa boti yangu."

Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina hilohilo moja, nami naipenda desturi hiyo kwa sababu humfanya mdogo ajione kuwa ni mtu.

Kesho yake alinichukua nikamsaidie kazi. Boti ile ilikuwa imekaa chelezoni zaidi ya mwezi mmoja ikikwanguliwa na kupakwa rangi, na sasa ilikuwa imerudi majini. Taabu ilikuwa moja: sinki la jikoni na masinki mawili ya kunawia abiria yalikuwa yanatoa maji polepole mno. Mabaharia wote walikuwa wamekwisha kumpata mkosaji, naye ni mpishi. Walisema anamwaga mafuta ya samaki. Mpishi, mzee mwenye mvi, aliapa kwamba mafuta yake huyatia kwenye kopo na kulitupa nchi kavu, lakini hakuna aliyemsikiliza. Nilipoyasikia hayo niliona niko bwenini.

Mjomba hakuuliza ni nani aliyefanya. Aliuliza, "Ni sinki moja au ni yote?" Akajibiwa kuwa ni yote matatu. Akanigeukia akasema, "Sikiliza, mjomba. Sinki moja likiumwa, ugonjwa u karibu nalo. Yote yakiumwa pamoja, ugonjwa u mbele, huko yanakokutana." Moyoni nikamkumbuka baba na mfereji wake wa Mkindo.

Hapa yanipasa kueleza tofauti ya boti na nyumba. Nyumbani maji machafu hushuka kwa uzito wake yenyewe, na mafundi hulilaza bomba kwa mteremko wa kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita moja. Katika boti ile masinki yalikuwa chini sana, karibu na usawa wa bahari. Kama ungetoboa tundu ili maji yatoke, bahari ndiyo ingeingia. Kwa hiyo maji ya masinki huangukia kwenye tangi dogo lililo chini ya sakafu, na likijaa, pampu huyanyanyua na kuyatoa nje. Majahazi ya zamani hayakuwa na shida hiyo, kwani choo chake kilining'inia nje nyuma ya chombo bila bomba lolote, na maji yaliyovuja katika mbao yalikusanyika ngamani, yakachotwa kwa mikono. Raha ya bomba, alisema mjomba, huja na kazi ya bomba.

Tulianza na yaliyo karibu. Chini ya kila sinki kuna kiwiko cha bomba kilichopinda kama herufi U, ambacho huhifadhi maji kidogo siku zote. Maji hayo ni mlango: harufu ya tangi haiwezi kupita. Kiwiko cha namna hiyo kilipewa hataza huko Uingereza mwaka 1775, na aliyekibuni, Alexander Cumming, alikuwa fundi wa saa. Tulivifungua viwiko vitatu, tukakinga ndoo chini, na mimi nikatia mkono. Nilitoa nywele, chembe za wali, na utando mweupe ulionata kama maziwa yaliyoganda. Mjomba aliniuliza kama tumefundishwa jambo hilo shuleni. Nilifikiri kidogo, nikaona kwamba tumefundishwa. Mabaharia huoshea maji ya bahari ili kuhifadhi maji baridi ya kunywa, na maji ya bahari yana kalisi na magnesi nyingi. Sabuni ikikutana nazo haitoi povu bali huganda kuwa utando usioyeyuka. Katika daftari langu la Kemia jambo hilo linaitwa ugumu wa maji, na nilikuwa nimelipatia alama katika mtihani, lakini siku ile ndiyo nilipolishika kwa vidole.

Katika bomba la choo tulikuta ganda jeupe gumu kama chokaa, ambalo hufanyika maji ya bahari yanapochanganyika na mkojo. Hilo mjomba alililainisha kwa siki, akaliacha usiku kucha, kisha akalisafisha kwa brashi. Nilimuuliza kwa nini asitumie dawa kali za dukani. Akasema magadi makali huchemka yanapokutana na maji, huunguza mikono na kuharibu baadhi ya mabomba. Na mtu akichanganya dawa ya kung'arishia nguo na tindikali yoyote, hutoka gesi ya klorini. "Nchi kavu utakimbilia nje," akasema. "Huku chini ya sitaha utakimbilia wapi?"

Baada ya kuvisafisha viwiko maji yalikwenda vizuri kidogo, lakini kidogo tu. Mjomba akatoa pimamaji, akaliweka juu ya bomba kuu, akanionyesha kwamba kipovu kimekaa upande usiofaa. Boti ilikuwa imepakiwa mifuko ya saruji sehemu ya omo, ikainama mbele, na bomba ambalo fundi alilitengeneza kuteremka kuelekea tezi sasa lilikuwa linapanda. Mabaharia walihamisha mifuko ile kuiweka katikati, wakinung'unika. Maji yakaongeza mwendo tena, lakini bado hayakuwa kama yapasavyo.

Ndipo mjomba akaniambia ninyamaze nisikilize. Tukamwaga ndoo moja ya maji. Bomba likalia: gulu, gulu, gulu. Akaniuliza, "Sauti hii umepata kuisikia wapi?" Nikasema sijui. Akachukua dumu la maji lililojaa, akaliinamisha. Likalia vilevile, gulu, gulu, na maji yakatoka kwa kukatakata. Kisha akatoboa tundu dogo kwa msumari upande wa juu wa dumu, akaliinamisha mara ya pili, na maji yakatoka mfululizo kama uzi. Kila mmoja wetu amepata kufungua kopo la maziwa, na anajua kwamba hutobolewa matundu mawili, moja la kutolea maziwa na moja la kuingizia hewa. Maji hayawezi kuingia ndani ya tangi mpaka hewa iliyomo itoke. Hewa isipokuwa na njia yake, hupigania njia ya maji, na ule mlio ni wa vita vyao.

Kwa sababu hiyo tangi lile lilikuwa na bomba lake la hewa, jembamba, lililopanda mpaka ubavuni mwa boti na kutokea juu karibu na sitaha. Tulilitafuta. Tundu lake, lililokuwa na upana wa kidole gumba, lilikuwa limejaa udongo mgumu. Nyigu walikuwa wamejenga humo boti ilipokuwa chelezoni. Mjomba alichokonoa kwa waya, udongo ukaanguka, na tukasikia hewa ikitoka, fyuu, kama mtu aliyetua mzigo. Chini, masinki yote matatu yakameza maji yake mara moja. Mpishi alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, akatutazama bila kusema neno.

Mabaharia walicheka wakaanza kutawanyika. Mjomba akawaita. "Mwombeni radhi mzee kwanza," akasema, "ndipo mwende." Waliona haya, lakini waliomba, mmoja mmoja.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama na waya mkononi, na jasho baridi likinitoka, kwa maana nilikuwa nimekumbuka jambo. Mwezi wa Oktoba mwaka uliopita, nilipokuwa Kidato cha Tatu, nilihamishiwa kitanda kilicho karibu na dirisha la nyuma. Nje ya dirisha hilo, kutoka kwenye chemba, limesimama bomba jeusi lililokomea usawa wa dirisha, na usiku lilikuwa likitoa harufu mbaya. Nilivumilia juma moja. Kisha nikachukua fulana yangu kuukuu, nikaipotoa kama kamba, nikaisokomeza ndani ya bomba lile mpaka harufu ikakoma. Nililala vizuri, na asubuhi nilikuwa nimekwisha kulisahau. Wakati ule hewa ya chemba ilikuwa bado inapata njia katika nyufa za mfuniko uliopasuka. Januari mfuniko mpya ulipofungwa kwa saruji, chemba yetu ikabaki haina pumzi kabisa. Na mtoto wa watu akachota maji machafu majuma matatu.

Jioni tulipokuwa tukinywa chai mjomba aliniuliza mbona nimenyamaza. Nilimweleza yote. Hakunigombeza. Alinisimulia habari za manowari ya Kijerumani iliyoitwa U-1206, nami baadaye niliisoma habari hiyo. Tarehe 14 Aprili 1945, karibu na pwani ya Uskoti, choo cha manowari hiyo kiliharibika ilipokuwa chini ya bahari. Vyoo vyake vilikuwa vya namna mpya, na matumizi yake yalitaka utaratibu mkali. Maji ya bahari yakaingia, yakazifikia betri, na betri zikatoa gesi ya klorini. Ikawabidi wapande juu, wakaonekana na ndege za adui, nahodha akaamuru chombo kiachwe na kuzamishwa. Watu wanne walipoteza maisha. Tangu siku hizo watu hupenda kusimulia kwamba nahodha Karl-Adolf Schlitt mwenyewe ndiye aliyekosea kukitumia choo kile. Lakini katika taarifa yake yeye alisema alikuwa katika chumba cha injini alipoletewa habari ya choo kuharibika.

"Unaona, mjomba," akasema, "lawama hutafuta mtu mmoja wa kumkalia, kwa sababu kumtazama mtu ni kazi nyepesi kuliko kulitazama bomba." Kisha akanieleza namna ya kuondoa harufu bila kuliziba bomba: liunganishwe liwe refu mpaka lipite paa, upepo uichukue harufu juu, na mdomo wake ufungwe wavu wa waya ili nyigu na ndege wasiingie. Juu ya kijana yule hakuniambia la kufanya.

Shule ilipofunguliwa Julai nilirudi na wavu wa waya katika sanduku langu. Nisifiche kitu: shauri langu la kwanza lilikuwa kuitoa fulana ile kwa siri. Fulana yenyewe ilikuwa na jina langu, kwa sababu wanabweni wote huandika majina kwenye nguo zao. Nikiitoa usiku, maji yatakwenda, kila mtu atafurahi, na hakuna atakayejua. Usiku wa pili nilitoka nje na kiti cha darasani, nikapanda, nikashika bomba. Fulana ilikuwa palepale. Nilikuwa nimekwisha kuivuta kidogo nilipowaza: maji yatapona, lakini "Bwana Ugali" atabaki Bwana Ugali mpaka amalize Kidato cha Nne. Tena watasema, mmeona, tangu aliporudi likizo ameogopa kumwaga ugali, na sasa maji yanakwenda! Ningekuwa nimemhukumu mara ya pili. Niliiacha fulana mahali pake, nikashuka, nikaenda kulala, lakini usingizi haukuja.

Asubuhi nilimwendea kijana yule kabla ya kumwendea mwalimu. Alikuwa anafagia. Nilimweleza kwamba bomba niliziba mimi, na kwamba adhabu aliyotumikia ilikuwa yangu, na nikamwomba radhi. Alisimama na ufagio wake muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia: "Lakini kaka, ugali ule mimi nilimwaga kweli. Siku ile, na siku nyingine mbili." Nilimwambia kwamba hata hivyo si yeye aliyezuia maji. Akaniuliza, "Basi kwa nini mlikuwa na hakika?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina.

Mwalimu mlezi wa bweni alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Nenda ukaitoe mbele yao wote." Jumamosi saa nne bweni zima lilikusanyika nyuma ya ukuta. Nilipanda ngazi, nikaivuta fulana, ikatoka nyeusi na yenye uvundo, na jina langu likisomeka. Wengine walipiga kelele, wengine walicheka sana, na mmoja aliuliza kama nitaifua niivae. Nilishuka nikasema nililopaswa kusema, na nikaomba jina lile walilompa mwenzetu likome siku hiyo. Uongozi wa bweni niliuweka mikononi mwa mwalimu. Alinirudishia baada ya juma moja, akisema kwamba aliyejua uzito wake sasa huenda ataubeba vizuri zaidi.

Kazi yenyewe tuliimaliza siku ileile. Tulisafisha bomba la masinki, na humo, kama kijana yule alivyosema kweli, ulikuwamo ugali, pamoja na utando wa sabuni, nyuzi za nguo na vipande vya steki wool. Kwa hiyo sababu hazikuwa moja. Tuliunganisha bomba la hewa likapita paa kwa kiasi cha kimo cha mtu, tukafunga wavu mdomoni. Kisha nikatwaa saa na ndoo ileile ya lita 20. Mwezi wa Machi ilichukua dakika 9. Siku ile ilichukua dakika moja na nusu. Kijana wa Kidato cha Kwanza ndiye aliyeishika saa.

Tangu hapo tumejiwekea taratibu chache, ambazo nazitaja kwa faida ya mabweni mengine na hata ya wazazi nyumbani. Makombo ya chakula yanatiwa katika ndoo yake karibu na mlango, nayo hupelekwa kwa kuku. Kila sinki lina kichujio cha bati lililotobolewa kwa msumari. Kila mwisho wa mwezi viwiko vinafunguliwa na kusafishwa, na zamu hiyo inahusu vidato vyote, Kidato cha Nne wakianza. Na maji yakianza kwenda polepole hatungoji yasimame. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi tumeona kwamba hata kuziba nako kunataka kujua ni tundu gani lizibwe na lipi liachwe wazi.

Kabla ya kumaliza, nirudi kwa baba. Nilipomsimulia habari hizi kwa simu alicheka, akasema kwamba aliniambia yote hayo Mkindo nilipokuwa na umri wa miaka sita. Ni kweli, aliniambia. Nilimwona kila mara akiufuata mfereji kwa miguu mpaka mwisho wake kabla hajasema jirani yupi ameyazuia maji, na mara nyingi akifika huko alikuta jani tu, au mzizi, au jiwe aliloliacha yeye mwenyewe juma lililopita. Alikuwa akiliondoa, anaosha mikono, na tunarudi nyumbani bila ugomvi na mtu.

Mwanafunzi, Kidato cha IV